Uzi Ubaki Nje: Maneno ya Mkunga Siku ya Hedhi Salama

Assalaam alaykum. Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, hamjambo. Na nyinyi wanangu mliojaa kwenye mikeka ya mbele, ahsanteni kwa kuja, na ahsanteni kwa kuniandikia maswali yenu kwenye vikaratasi. Nimevisoma vyote jana usiku. Vingi vinauliza jambo moja, kwa hiyo nitalisema jambo hilo.

Leo ni tarehe 28 Mei, siku ambayo tangu mwaka 2014 dunia inaiadhimisha kuwa Siku ya Hedhi Salama. Wenzangu waliotangulia wamesema vizuri juu ya pedi, juu ya vyoo vya skuli, na juu ya kodi. Kenya ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004. Tanzania iliifuta mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata. Hayo yana watu wa kuyasimamia, na wayasimamie kwa nguvu. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya tamponi, kile kipande cha pamba kinachowekwa ndani ya uke kunywa damu ya hedhi: inavaliwaje bila maumivu, inakaa muda gani, inatokaje, na nani asiivae. Nitataja viungo kwa majina yake. Mkunga akisema kwa mafumbo, mtu huumia.

Nimekubali kusimama hapa kwa sababu hii. Masomo wetu wa zamani, yaani makungwi, walimfundisha mwari mambo ya mwili wake kabla hajatoka ndani: sodo inafungwaje, inafuliwaje, inaanikwa wapi. Tamponi imekuja nyuma yao. Leo inauzwa kwenye maduka ya dawa mjini, kwenye maduka ya karibu na mahoteli, au msichana analetewa boksi na dada yake anayefanya kazi Muscat. Ndani ya boksi mna karatasi ya maelezo, herufi ndogo, lugha sita, na Kiswahili hakimo. Anaitupa karatasi, anaingia chooni, anabahatisha. Wanaokuja kliniki wanatetemeka ni hao waliobahatisha, na wengi wao hawana jeraha wala ugonjwa. Hawakuambiwa tu.

Kwa nini mtu aitake wakati pedi zipo? Waulizeni wakulima wa mwani. Kilimo hiki kimeshika upande wetu wa mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, tangu mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Kazi yenyewe mnaijua. Bamvua, yale maji makubwa ya kupwa na kujaa, likifika unashuka na maji yanavyotoka, unasimama hadi magotini, ukichelewa hadi kiunoni, umeinama juu ya kamba unafunga vipande vya mwani. Bamvua halikungojei umalize siku zako. Pedi ikiingia maji ya chumvi inavimba kwa bahari kabla haijapata damu, gundi inaachia, mchanga unajikusanya pembeni, na kufika jioni mapaja yamechubuka unatembea miguu mbalimbali. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza kwa sauti ya chini, huku kanga kaziba mdomo: "Mwanangu, hakuna kitu cha kunizuilia kwa saa tatu nne tu, nirudi nyumbani salama?" Kipo, mama. Kwa kazi hiyo hasa kipo.

Na nyinyi mnaojifunza kuogelea. Mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio, muogeleaji wa China, Fu Yuanhui, alitoka kwenye mbio za kupokezana, wenzake wakasimama mbele ya kamera yeye hayupo. Alikuwa amechuchumaa pembeni, ameshika tumbo. Akamwambia mwandishi wa habari waziwazi kwamba hedhi yake ilianza usiku uliopita, ndiyo maana amechoka. Huko kwao wengi walishangaa: mwanamke mwenye hedhi anaingiaje majini? Tamponi China zinatumiwa na wachache sana, kama hapa kwetu, na siku zile watu wakaanza kuulizana kitu hiki ni nini. Mwanamichezo mmoja kusema kweli kuhusu tumbo lake kulifundisha watu wengi kwa siku moja.

Sasa mwili kwanza, kifaa baadaye.

Pale chini kuna matundu matatu, na kila moja lina kazi yake. La mbele, dogo kabisa, ni la mkojo. La nyuma ni la haja kubwa. La katikati ni uke, ndimo inamopita hedhi, na ndimo inamokaa tamponi. Kwa hiyo ukiivaa unakojoa kama kawaida, sogeza uzi pembeni tu usilowe. Nimekutana na msichana aliyekuwa anaitoa kila anapokwenda haja ndogo na kuvaa nyingine, akamaliza boksi zima kwa siku mbili.

Uke haukwendi juu wima. Umelala, unaelekea nyuma, upande wa kiuno. Shikeni sentensi hiyo, kwa sababu nusu ya maumivu yote yanayoletwa kliniki yanatoka hapo: mtu anasukuma kuelekea kitovuni, anagonga ukuta, anasema "haiingii, nimeumbwa vibaya". Hukuumbwa vibaya. Umekosea njia. Kuta za uke zimegusana kama kanga iliyokunjwa, na zinafunguka taratibu kwa kadiri ya kinachopita. Urefu wake ni sentimita 7 hadi 10 hivi, na mwisho wake umefungwa na mlango wa kizazi. Mlango huo una kitundu chembamba mno, damu inachuruzika, lakini tamponi haipiti. Nasema hivi kwa sababu vikaratasi saba vimeuliza ikipanda tumboni itakuwaje. Haipandi tumboni. Hakuna njia.

Jambo jingine la maumbile: sehemu ya chini ya uke, karibu na mlango, ina hisia nyingi. Sehemu ya juu ina hisia chache sana. Tamponi iliyokaa juu, mahali pake, huisikii kabisa. Unatembea, unakaa, unapanda baiskeli, unasahau. Ukiisikia inakuchoma au inakusukuma unapokaa, haijafika. Imeishia mlangoni.

Hapa lazima niseme juu ya kizinda, kwa sababu najua mama zangu mlioko nyuma mnalingojea hilo. Kizinda ni ngozi nyembamba iliyozunguka mlango wa uke. Kwa wasichana karibu wote kina uwazi tangu kuzaliwa, na ndiyo maana hedhi inatoka. Wengine uwazi ni mpana, wengine mwembamba, wengine kizinda kipo kidogo mno tangu utotoni. Kinavutika. Tamponi ndogo ikivaliwa kwa utulivu mara nyingi hupita bila kukichana. Mara chache inaweza kukinyoosha au kukikwaruza. Lakini hakuna daktari wala mkunga duniani anayeweza kutazama kizinda akakwambia binti huyu amelala na mwanamume au hajalala. Mwezi Oktoba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali, kwa kuwa hauna msingi wowote wa kisayansi na unawadhuru wasichana. Msichana anakuwa si bikira kwa kujamiiana. Pamba haimbadilishi. Mzazi ambaye bado moyo wake hautulii, basi binti yake avae pedi hadi atakapokuwa mtu mzima wa kujiamulia, hakuna dhambi wala hasara. Ninachokataa ni binti kupigwa kwa sababu boksi la tamponi limeonekana kwenye mkoba wake.

Na wapo wasichana wachache ambao kizinda kimefunga kabisa. Hao hawaoni damu, lakini kila mwezi tumbo linawauma na mwishowe linavimba. Binti wa miaka 15 au 16 mwenye maumivu ya kila mwezi na hajawahi kuona damu, mleteni hospitali. Ni operesheni ndogo.

Haya, kifaa. Hiki nilichoshika ni tamponi: pamba, au pamba iliyochanganywa na rayoni, imegandamizwa ikawa na unene wa kidole, na nyuma yake umeshonwa uzi. Wanawake wamejiziba kwa vitu vya kila namna tangu zamani, lakini hii ya kiwandani yenye mrija wa kusukumia ilibuniwa na daktari wa Marekani, Earle Haas wa Colorado, aliyeomba hataza mwaka 1931 na kuipata 1933. Aliyeifanya biashara ni mwanamke, Gertrude Tenderich, aliyenunua haki hiyo akaanzisha Tampax.

Tazameni glasi hii ya maji. Naitumbukiza. Mnaona inavyofunguka? Dakika haijaisha imeshapanuka mara mbili na maji yamepungua. Ndivyo inavyofanya ndani: inapanuka inagusa kuta, inanywa damu. Sasa waza inafanya hivyo mahali ambapo hapana damu ya kunywa. Itakunywa unyevu wako mwenyewe, ikauke, ishikamane na ngozi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kuvaa bila maumivu ni kuvaa ndogo inayotosha, siku ambayo damu ipo.

Kwenye boksi kuna alama za matone. Matone machache, inanyonya kidogo. Marekani wameweka vipimo vya lazima: ndogo hunyonya chini ya gramu 6, ya kawaida 6 hadi 9, kubwa 9 hadi 12, na zinaendelea hadi 18. Na hedhi nzima ya mwanamke wa kawaida, siku zote kwa pamoja, ni mililita 30 au 40 hivi, yaani vijiko viwili vitatu vya chakula. Damu inaonekana nyingi kwa macho kwa sababu inasambaa. Kwa hiyo dada yangu unayenunua ile kubwa kabisa ili ukae nayo mchana kutwa, acha. Ukitoa tamponi baada ya saa nne ukaikuta ina sehemu nyeupe kavu, shuka ukubwa. Ikiwa imelowa hadi kwenye uzi, panda. Na ukijikuta unalowesha moja kila saa au kila saa mbili, usitafute tamponi kubwa zaidi. Njoo upimwe, pengine ni uvimbe kwenye kizazi, pengine umeshapungukiwa damu.

Anza siku ya pili, damu inapotoka vizuri. Usijaribu kabla ya hedhi eti uzoee. Siku ya kwanza ya kujaribu iwe siku huna pa kwenda, mlango umefungwa, hakuna anayegonga. Haraka inakaza misuli, misuli ikikaza uke unajifunga, na hapo hata kidole hakipiti.

Osha mikono kwa sabuni kabla, na uikaushe. Nalirudia hili kwa wakulima wa mwani: mikono yenye chumvi na mchanga isiguse tamponi. Vaa nyumbani kabla hujashuka pwani.

Mkao. Sisi tuliokulia vyoo vya kuchuchumaa tumependelewa. Chuchumaa kama unavyochuchumaa siku zote, magoti mbali, na uke wenyewe umeshakaa mkao mzuri. Asiyeweza kuchuchumaa asimame aweke mguu mmoja juu ya kibao au ndoo iliyopinduliwa. Vuta pumzi, itoe polepole kwa mdomo, uliachie tumbo.

Kama yako haina mrija, fungua karatasi, nyoosha uzi na uuvute kidogo kuhakikisha umeshikamana. Tumia mkono mmoja kutenga midomo ya uke. Weka ncha ya tamponi mlangoni, halafu isukume kwa kidole cha shahada kuelekea nyuma, kwenye kiuno. Sukuma unapotoa pumzi. Endelea mpaka kidole chako chote kiwe kimeingia. Hapo ndipo wengi wanaogopa, wanaishia nusu kidole, halafu wanalalamika inawachoma. Kidole chote. Ukikitoa, uzi ubaki nje unaning'inia.

Yenye mrija ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Shika pale inapokutana, kwenye mikato ya kuzuia kuteleza. Ingiza ule mpana kwa mwelekeo uleule wa nyuma mpaka vidole vyako viguse mwili. Sasa kwa kidole cha shahada sukuma mrija mwembamba hadi uingie wote ndani ya mpana. Tamponi imeshakaa. Toa mirija yote miwili pamoja, itupe. Mrija haubaki ndani. Nasema kwa sababu yupo aliyeuacha, na maumivu yake nayajua kwa kuwa mimi ndiye niliyemtolea.

Ikigoma, usilazimishe. Itoe, itupe, pumzika, jaribu kesho na nyingine mpya. Unaweza kupaka ncha yake mafuta kidogo ya kulainishia yanayouzwa duka la dawa, yale ya maji. Mafuta ya nazi, sabuni na mate hapana. Na ikigoma kila mara, siku baada ya siku, na hata kidole chako mwenyewe kinakuuma, hilo lina tiba, njoo tuzungumze. Wapo wanawake ambao misuli yao hujikaza yenyewe bila wao kutaka. Wapo dada zetu, hasa kutoka Somalia na kaskazini ya Kenya, waliokeketwa na kushonwa, na kwao tamponi inaweza isipite kabisa. Hao hawana kosa, na wasijilazimishe kwa hali yoyote.

Kuitoa ni rahisi kuliko kuivaa. Osha mikono, chuchumaa, achia tumbo, shika uzi, vuta taratibu kuelekea chini na mbele. Ikiwa kavu na inavuta ngozi, maana yake damu ni kidogo. Ikiwa bado muda unaruhusu, ngojea kidogo. Ifunge kwenye karatasi, itie kwenye pipa la taka. Usiitupe kwenye choo cha kuvuta maji, hasa nyinyi mnaofanya kazi mahotelini. Itaziba bomba na fundi ataitwa, na aibu itakuangukia wewe.

Uzi ukipotea, usipige kelele. Uzi umejikunja tu, na tamponi iko palepale, haina pa kwenda. Chuchumaa, jikamue kama unayekwenda haja kubwa, ingiza kidole kilichooshwa uzungushe taratibu mpaka uiguse. Usitumie kijiti, wala koleo la nyusi, wala mpini wa mswaki. Usipoipata, njoo kliniki siku hiyohiyo. Kwetu ni kazi ya dakika chache, na hatukucheki. Vilevile kama unatoka maji ya kahawia yenye harufu mbaya siku chache baada ya hedhi kwisha, fikiria kama ya mwisho uliitoa. Wengine huvaa mpya juu ya ya zamani. Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango anaruhusiwa kuvaa tamponi, ila ajue kwamba kitanzi nacho kina uzi, mwembamba na mfupi, uko juu ndani. Ule wa nje, mnene wa pamba, ndio wa kuvuta.

Sasa nyamazeni kidogo, nisikilizwe. Nikisahaulika yote, lisisahaulike hili la saa.

Mwaka 1980 huko Marekani wanawake vijana wenye afya njema walianza kuanguka katikati ya hedhi. Homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, vipele vyekundu kama ngozi iliyoungua na jua, presha inashuka, figo zinagoma. Mwaka ule peke yake walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 800 waliougua wakiwa hedhini, na 38 wakafa. Wachunguzi waliona wengi wao walikuwa wanavaa tamponi zenye nguvu kubwa ya kunyonya, na iliyotajwa zaidi ni moja iitwayo Rely, iliyotengenezwa kwa vitu vya viwandani ambavyo vilinyonya kupita pamba. Mtu aliweza kukaa nayo muda mrefu mno. Mwezi Septemba mwaka huohuo kampuni ya Procter & Gamble ikaiondoa sokoni.

Ugonjwa ule unaitwa mshtuko wa sumu. Unatokana na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wanaye puani na kwenye ngozi bila madhara yoyote. Baadhi ya bakteria hao wakipata damu, joto na hewa ndani ya pamba iliyokaa, hutoa sumu, na sumu ikiingia kwenye damu ya mtu ambaye mwili wake haujaizoea, inamwangusha kwa saa chache. Leo ni nadra sana. Nadra haina maana haupo. Mwanamitindo wa Marekani Lauren Wasser aliupata mwaka 2012 akiwa na miaka 24, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti, na mwaka 2018 akakatwa wa kushoto.

Kwa hiyo: badilisha kila baada ya saa nne hadi nane, na saa nane zisipite kamwe. Mtu wa bamvua avae anaposhuka, atoe anaporudi, inatosha kabisa. Muogeleaji atoe akitoka majini, kwa sababu uzi umeshanyonya maji. Usiku vaa pedi. Najua kwenye maboksi wanasema unaweza kulala nayo mradi saa nane zisizidi, na ni kweli, lakini mtu aliyechoka na shamba hapangi saa ya kuamka, na mimi kwa mabinti zangu nasema usiku pedi. Weka kengele kwenye simu. Siku damu ni kidogo, vaa pedi pia.

Ukiwa na tamponi ndani ukashikwa na homa ya ghafla, kutapika au kuharisha, kizunguzungu, mwili kuuma, vipele, toa tamponi papo hapo, nenda hospitali, na mwambie daktari kwa mdomo wako: "Nilikuwa nimevaa tamponi." Usiseme malaria ukaenda kununua dawa. Homa hapa kwetu kila mtu anaiita malaria, na daktari asiyeambiwa hatakuwa na sababu ya kufikiria jingine. Ukiwahi, kuna dawa za kuua bakteria na maji ya mishipani, na watu wanapona. Aliyewahi kuugua ugonjwa huu asivae tena tamponi maishani mwake.

Wasiovaa ni hawa: mwenye nifasi, yaani damu ya baada ya kujifungua, mpaka aambiwe kliniki kuwa amepona, kwa kawaida wiki sita, aliyeharibikiwa na mimba karibuni, mwenye maambukizi ukeni, na mtu yeyote asiye na hedhi. Uchafu mweupe hauzibwi kwa tamponi, unapimwa. Na mahali hapana maji wala sabuni, vaeni pedi au kitambaa safi kilichokauka juani. Kipande cha godoro, pamba ya dukani, kitambaa kilichoviringishwa, visiingizwe ukeni. Vinakatika, vinabaki, vinaoza.

Mmoja kaniuliza juu ya sumu za madini. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima tamponi 30 za aina mbalimbali, wakakuta chembechembe za madini, risasi ikiwemo. Walichopima ni kilichomo ndani ya tamponi. Hawakupima kama kinaingia mwilini. Mimi sikuacha kuzipendekeza kwa ajili hiyo, ila ni sababu nyingine ya kuvaa ndogo, kwa saa chache, pale tu unapoihitaji. Na msinunue zilizotolewa kwenye boksi zikauzwa mojamoja, wala zenye karatasi iliyochanika. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Zitunzeni kabatini, zisikae chooni.

Swali la dini nalijibu kwa kifupi, na mwalimu wetu wa chuo yupo hapa ataniongezea. Aliyeingia hedhini akavaa tamponi bado yumo hedhini. Hasali, hafungi, na siku za Ramadhani atazilipa. Tamponi inazuia nguo isichafuke, haibadilishi hukumu.

Na wewe uliyeandika kwamba dada yako anakucheka kwa kuvaa pedi, wewe endelea na pedi zako. Wapo wenye kuvaa tamponi siku mbili za mwanzo, wapo wanaoitaka siku ya bahari peke yake, wapo wa vikombe vya hedhi, na wapo watakaofua vitambaa vyao hadi watakapokoma hedhi wakiwa na afya tele.

Kwenye ile meza ya dirishani nimeweka mfano wa nyonga wa plastiki, tamponi za namna zote mbili, glasi za maji, na ndoo ya kunawia yenye sabuni. Baba zetu na kaka zetu mliokuja, nawashukuru sana kwa kukaa mpaka hapa. Sasa nawaomba mtoke nje kidogo, chai iko barazani. Mabinti njooni watanowatano, kila mmoja aishike mwenyewe, asukume mrija mwenyewe kwenye mfano mpaka ajue. Mama zao waje pia. Aliye na swali la faragha, nitakuwa chumba cha pili hadi alasiri.